Spoki ya Kumi na Tisa

Julai, Makambako, upepo hauji na hodi.
Unapekua mabati, unaangusha ndoo,
na ukutani kwetu unalizungusha gurudumu
lililotundikwa kwenye msumari wa inchi sita
tangu nilipokuwa darasa la pili.

Halina tairi. Halina baiskeli.
Baba, Osmundi Mligo, fundi wa njiapanda ya Songea,
analinyoosha.
Bado analinyoosha.

Wateja walimzoea kwa shida.
Nyagawa wa viazi alikuja wiki ya tatu, amenuna:
"Mzee, si linazunguka hili?"
"Linazunguka," baba akasema. "Hata mlevi huzunguka."
Akalirudisha juu ya mapaja,
akawa anazifinya spoki moja moja
kama anayetafuta jino bovu.
Nyagawa akaenda zake kwa miguu, gunia kichwani.
Aliporudi hakulipa, ila tangu siku hiyo
hakupanda baiskeli iliyoguswa na fundi mwingine.

Mama aliuza makande stendi.
Alisema, "Mume wangu ana wake arobaini wa chuma.
Mimi ni wa arobaini na moja, na zamu yangu haifiki."
Alisema akicheka. Miaka ikaenda,
maneno yakabaki, kicheko kikahama.

Mimi nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mara mbili.
Mara ya pili nilimkuta amepiga magoti,
njiti ya kiberiti ameichomeka kwenye ufa wa ukuta,
ncha yake karibu na ringi,
katikati nafasi ya karatasi ya Biblia.
Hakuniuliza nimefuata nini.
"Shika taa, Leokadia. Usipumue."
Nikashika. Nilimchukia mpaka mkono ukafa ganzi,
na sikupumua.

Zikaja pikipiki. Kaka zangu wakamwambia,
baba, badilika, injini ina hela.
Akaitazama injini
kama unavyomtazama mgeni anayeongea sana.
"Hii inapiga kelele. Ikikosea nitaisikiaje?"

Sasa macho yameingia utando.
Njiti haimsaidii. Anausogeza mdomo wa chini
mpaka karibu kabisa na ringi,
ngozi isikie upepo wa chuma unapopita:
hapa limekaribia, hapa limekimbia.
Robo ya mzunguko. Nusu ya robo. Anaachia.
Usiku hukaza alichokilegeza mchana.
Niliwahi kumuuliza, baba, gurudumu hili ni la nani?
Alinishangaa.
"Ni lake lenyewe."

Majuzi nilikuja na dawa zake kutoka Njombe.
Alipolala nikachukua njiti,
nikaichomeka kwenye ufa uleule.
Upepo ukasukuma. Gurudumu likaenda,
likawa ukungu wa kijivu, likawa kama halipo.
Kimya. Mabati tu. Kimya.
Shingo ikanisisimka.
Nikamkumbuka mama, kwamba ndiye
aliyestahili kukisikia kimya hiki,
alikilipia kwa makande, kikombe kwa kikombe.

Kisha: tik.
Kama punje ya ulezi ikidondoka sahanini.

Asubuhi, mbele ya uji, akaniuliza,
"Ulisikia chochote jana?"
"Hakuna, baba. Limenyooka."
Akapuliza uji. Akanywa. Akapuliza tena.
"Hujui kudanganya, umemfuata mama yako.
Ni ya kumi na tisa, ile ya karibu na tundu la valvu.
Niletee spana."

Nikamletea. Nikamshikia taa,
ingawa palikuwa pameshakucha.